Vanishi isiyo na mabaka: kazi huanza kabla kopo halijafunguliwa

Ubao wowote uliopigwa vanishi hupendeza ukiutazama kwa mbele. Ulete dirishani, uuinamie, uutazame kwa ubavu jicho likiwa karibu usawa na uso wake. Hapo ndipo mambo hujitokeza: huku panang'aa, kule pamefifia, michirizi ya brashi imejipanga, vipele vya vumbi, na pembeni kuna tone lililoganda kabla halijafika chini. Mwongozo huu unalenga uso unaostahimili kutazamwa hivyo. Ni kwa mtu anayetumia brashi au kitambaa, si mashine ya kupulizia.

Jambo moja lieleweke mapema, maana hatua zote zinatokana nalo. Mabaka mengi hayaletwi na vanishi, yanaletwa na ubao. Mbao hainywi sawasawa. Sehemu laini hunywa kuliko ngumu, ncha za ubao ambako nyuzi zimekatwa hunywa kuliko uso, palipokwaruzwa hunywa kuliko palipolainishwa, na palipodondokewa gundi hapanywi kabisa. Vanishi ikizama, juu panafifia. Ikibaki juu, panang'aa. Kwa hiyo kinachotafutwa ni kuufanya ubao wote unywe kwa kiasi kimoja, kisha kuufunga usinywe tena, na baada ya hapo ndipo tabaka za juu zijengwe. Anayetaka mng'ao kwenye mkono wa kwanza (mkono ni mpako mmoja wa vanishi) huishia kuyang'arisha mabaka yake.

Chagua vanishi inayokupa muda

Vanishi ya mafuta, ikiwemo poliuretheni ya mafuta, hukauka polepole, na huo ndio uzuri wake. Michirizi ya brashi hupata nafasi ya kujilaza yenyewe kabla ya kuganda. Huipa mbao rangi ya joto inayoelekea manjano, na itaendelea kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Ubaya wake ni kwamba vumbi nalo hupata muda wa kutua, na kutoka mkono mmoja hadi mwingine utangoja takriban saa 24.

Vanishi ya maji huweza kupokea mkono mwingine baada ya saa 2 hadi 4, haina harufu kali, na huiacha mbao karibu na rangi yake. Ila ukingo wa pale ulipoishia hukauka upesi, hivyo mstari mmoja ukipita juu ya mwingine uliochelewa, alama inabaki. Tena maji huinua nyuzi za mbao; hilo lina dawa yake huko mbele.

Laka hukauka kwa dakika chache na kwa kawaida hupulizwa. Kuipiga kwa brashi kwenye ubao mpana ni kujitafutia shida. Shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti, nayo hukauka haraka, haivumilii pombe wala kikombe cha moto, lakini kama tabaka la chini la kufunga mbao sumbufu, sijaona cha kuizidi.

Kwa anayeanza, na kwa ubao wenye upana wa meza, ningechukua ya mafuta bila kusita. Ya maji naiweka kwa mbao nyeupe ambazo hutaki zigeuke manjano, na kwa chumba ambacho watu watalala humo usiku uleule.

Halafu kuna suala la mng'ao. Vanishi ya nusu mng'ao au isiyong'aa ina unga laini sana ndani yake unaotawanya mwanga. Unga huo hutuama chini ya kopo. Ukipaka bila kukoroga, ubao wa kwanza utang'aa na wa mwisho utafifia, ingawa kopo ni lile lile. Chukua kijiti bapa, kwangua chini kabisa ya kopo, koroga taratibu hadi hakuna kinachonata kwenye kijiti, na urudie kila baada ya dakika kumi hivi kazi ikiendelea. Usitikise kopo. Ukitikisa, utapata viputo vidogo ambavyo hutavimaliza siku hiyo. Mafundi wengine hujenga mikono ya chini kwa vanishi inayong'aa kabisa, kisha humalizia na mkono mmoja tu wa ile iliyofifia. Nakubaliana nao: unga ukijazana katika tabaka zote, mbao huonekana kana kwamba ina ukungu juu yake.

Hatua ya 1: Hakikisha ubao ni mkavu, na ujue ni mbao gani

Mbao za samani za ndani kwa kawaida huwa na unyevu wa kati ya asilimia 8 na 12. Kama una kipimo cha unyevu, kitumie. Kama huna, uinue ubao juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, uuache kwenye chumba utakamotumika, na uupime uzito mara kwa mara. Uzito ukiacha kupungua, ubao umeshazoea hewa ya mahali pake. Vanishi juu ya mbao mbichi hugeuka ukungu au hubanduka, na ubao wenyewe utapinda hata ungekuwa umepakwa na fundi bora.

Mbao zenye mafuta yake zenyewe, kama mtiki, ni kisa kingine. Mafuta hayo huchelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Unarudi siku ya tatu na kidole bado kinanata. Futa uso kwa kitambaa chenye asetoni (kiyeyushi kinachokauka upesi), badilisha kitambaa kikichafuka, na upake vanishi mara tu uso unapokauka, kabla mafuta hayajapanda tena kutoka ndani. Njia ya pili ni kutangulia na mkono mwembamba wa shelaki iliyoondolewa nta. Sisitiza hiyo ya kuondolewa nta unaponunua, kwa sababu poliuretheni haishiki vizuri juu ya shelaki yenye nta. Shelaki hiyo hiyo ndiyo huziba mafundo ya msonobari, ambayo hutoa utomvu na kuchafua vanishi.

Hatua ya 2: Msasa

Hapa ndipo vanishi sawia hupatikana au hukosekana, kwa hiyo vumilia urefu wa sehemu hii.

Ubao uliotoka kwenye mashine ya randa huwa na mawimbi madogo yanayokatiza upana wake. Hayaonekani kwenye mwanga wa juu. Weka taa chini, mwisho wa ubao, mwanga utambae juu ya uso, nayo yatajitokeza kama matuta. Mawimbi haya yasipoondolewa na msasa wa kwanza, misasa mingine yote itayalainisha tu bila kuyaondoa, na vanishi ndiyo itakayoyatangaza.

Namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa ni mkali; ikiwa kubwa, ni laini. Anza na namba 80 au 100 kama kuna alama za mashine. Kama ubao umeshapigwa randa ya mkono vizuri, anza na 120. Kabla ya kila namba, chukua penseli na uchore mistari ya nyoka juu ya ubao mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kukandamiza. Piga msasa hadi mistari yote ipotee. Palipobaki penseli ni bonde ambalo msasa haujafika. Ikishatoweka yote, futa vumbi, chora tena, panda namba inayofuata. Ni mchezo wa dakika moja lakini unakuondolea kubahatisha, hasa pembezoni na katikati ya ubao mpana, ambako mkono huwa mvivu bila mwenyewe kujua.

Panda kwa mpangilio: 80, 120, 150, 180. Kuruka kutoka 80 hadi 180 ni kujidanganya. Msasa wa 180 hauna nguvu ya kuondoa mikwaruzo ya 80. Unaifunika vumbi ikaonekana imeisha, kisha vanishi inaingia ndani ya mikwaruzo hiyo na kuichora upya. Msasa ushike kwa kipande cha mbao kilichobapa au kizibo cha koki, si kwa vidole, kwa sababu vidole huchimba sehemu laini na kuacha ngumu ikisimama. Mwendo uwe kufuata nyuzi. Kama umetumia mashine ya msasa ya kuzunguka, itakuwa imeacha visokoto vidogo hata kama huvioni, basi namba ya mwisho irudie kwa mkono, kufuata nyuzi, ubao mzima.

Wapi pa kuishia? Kwa vanishi ya mafuta, 180 inatosha. Kwa ya maji, 220. Watu huendelea hadi 400 wakidhani wanaongeza ubora, kumbe wanaung'arisha ubao hadi unakataa kunywa, na kwa tabaka linalokaa juu kama vanishi hilo hupunguza mshiko. Isipokuwa ncha za ubao: hizo zipeleke namba moja au mbili juu zaidi ya uso, kwa kuwa ukizilainisha zitapunguza kiu yao na hazitageuka nyeusi kando ya uso wenye rangi ya asali.

Kingo kali zipitishe msasa mara mbili tatu hadi zisikate kidole. Vanishi haikai juu ya ukingo mkali, huteleza ikauacha wazi, na hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Sasa jaribio la mwisho. Lowesha kitambaa kwa tapentaini, au kwa spiriti kama utatumia vanishi ya maji, na upanguse ubao wote. Kwa sekunde chache utaiona mbao kama itakavyokuwa chini ya vanishi: mikwaruzo uliyoikosa, na juu ya yote madoa ya gundi, ambayo hubaki meupe huku mbao iliyoyazunguka ikikolea. Gundi usiifute kwa kitambaa chenye maji ukategemea imekwisha, mara nyingi unaisambaza tu. Ikwangue kwa ncha ya patasi, kisha rudia msasa eneo lote linaloizunguka, na si kwenye doa peke yake, ili pasiwe na kisiwa kinachokunywa tofauti.

Matundu ya misumari na nyufa ziba kwa puti ya mbao iliyokaribia rangi ya ubao ukiwa umeloa, si ukiwa mkavu. Lakini ukweli ni kwamba chini ya vanishi ya wazi puti huonekana karibu kila mara. Panapowezekana, geuza ubao huo uwe upande usioonekana.

Hatua ya 3: Kwa vanishi ya maji tu, inua nyuzi mapema

Pangusa ubao kwa sponji iliyokamuliwa yenye maji safi, uuache ukauke kabisa. Ukiupitisha kiganja utahisi kama kidevu cha mtu asiyenyoa. Hizo ni nyuzi zilizosimama. Zikate kwa msasa wa namba ile ile uliyomalizia, mkono mwepesi, mara chache tu. Ukikandamiza utafichua nyuzi mpya na kurudi mwanzo. Ukiruka hatua hii, zitasimama ndani ya mkono wa kwanza.

Usitumie pamba ya chuma karibu na vanishi ya maji. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye vinyweleo (vitundu vidogo vya mbao), hupata kutu, na kwenye mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mti) kama mwaloni hugeuka madoa meusi.

Hatua ya 4: Chumba

Fagia, funga feni, kaa nje saa nzima vumbi litue, kisha nyunyiza maji kidogo sakafuni. Usivae sweta la sufu. Joto la kati ya nyuzijoto 18 na 27 za Selsiasi linafaa, na siku ya mvua nzito acha kazi, hasa kama ni laka: thina inapoyeyuka hupoza uso, unyevu wa hewa hunaswa, na ubao hugeuka mweupe kama maziwa.

Usipake juani. Ubao ukipata joto, hewa iliyomo kwenye vinyweleo vyake hutanuka na kutoka kupitia vanishi mbichi, ikiacha viputo mstari kwa mstari kufuata nyuzi. Kwa mbao zenye vinyweleo vikubwa, saa nzuri ni ile joto linaposhuka, kwa mfano alasiri kuelekea jioni, ambapo ubao unaivuta hewa ndani badala ya kuitoa.

Uweke ubao juu ya vipande vya mbao vilivyopigwa msumari uliojitokeza, vinne kwa pembe nne, kimo cha kiuno. Taa iwe upande wa pili wako, chini, ili unapopaka uone uso mbichi unavyong'aa na palipopitwa bila kupakwa. Madirisha yawe wazi kiasi cha hewa kubadilika bila upepo kupiga ubao.

Hatua ya 5: Mkono wa kwanza, wa kunywesha

Chuja vanishi kwa kipande cha soksi ya nailoni ukiimimina kwenye chombo kingine. Usifanye kazi moja kwa moja kutoka kwenye kopo, kwa sababu kila brashi inaporudi huleta vumbi, na kopo zima litachafuka. Kwa vanishi ya mafuta ongeza tapentaini asilimia 10 hadi 20 kwenye kiasi hicho ulichochuja. Ya maji iache kama ilivyo, au ongeza maji kidogo kwa kadiri kopo linavyoruhusu.

Paka kwa wingi, hasa nchani, na uangalie. Baada ya dakika chache utaona visehemu vilivyokuwa vinang'aa vikififia: pamekunywa. Viongeze pale pale wakati pengine pote pangali pabichi. Ncha huenda zikataka mara tatu. Kisha kabla haijaanza kunata, panguza yote inayobaki juu kwa kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi. Matokeo hayatapendeza. Ubao utaonekana mkavu, umefifia, karibu sawasawa kila mahali, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Paka na upande wa chini pia, hata kama hautaonekana kamwe. Ubao uliofungwa upande mmoja hupokea na kutoa unyevu kwa upande mwingine tu, na hapo huanza kujikunja. Wa chini si lazima uwe mzuri, lakini mikono iwe idadi sawa au karibu sawa. Anza na upande huo, geuza juu ya misumari, malizia na uso. Alama ndogo za misumari zitabaki kusikoonekana.

Hatua ya 6: Msasa kati ya mikono

Namba 320, imekunjwa kwenye kizibo, uzito wa mkono wenyewe tu. Vanishi iliyokauka hutoa unga mweupe mkavu. Ikijiviringisha kwenye msasa kama vijidonge, haijakauka; weka msasa chini, urudi kesho.

Futa unga na utazame kwa taa ya ubavu. Pande zilizoguswa zitakuwa zimefifia, na ndani yake kutakuwa na vidoa vinavyong'aa bado. Vidoa hivyo ni mabonde ambayo msasa haujafikia. Baada ya mkono wa kwanza viache, vitajazwa. Baada ya wa pili vipunguze. Kabla ya mkono wa mwisho visiwepo, uso wote uwe umefifia kwa rangi moja ya kijivu hafifu. Mtu akiona ubao wako katika hali hiyo atadhani umeuharibu.

Pembezoni nenda kwa tahadhari. Vanishi huwa nyembamba sana ukingoni, na mipapaso miwili ya ziada inatosha kufika mbao tupu. Simamisha msasa kidole kimoja kabla ya ukingo, kisha malizia hapo kwa mpapaso mmoja mwepesi. Ondoa unga kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo sana, au kitambaa chenye unyevu kwa ile ya maji.

Hatua ya 7: Mikono ya kujenga

Brashi ya nywele za asili kwa vanishi ya mafuta, ya nywele za bandia kwa ya maji, kwa sababu nywele za asili hunywa maji zikalegea. Upana wa sentimita 5 hadi 7 unatosha ubao mwingi. Brashi ya bei ya kutupa itakuachia nywele zake ndani ya kazi yako. Hapa usibane matumizi.

Chovya theluthi moja ya nywele. Gusa ndani ya ukuta wa chombo taratibu pande zote mbili, usiiburute mdomoni mwake, kwa sababu kuburuta huzaa povu. Weka brashi sentimita 10 hivi kutoka mwisho wa ubao, vuta kuelekea nje hadi brashi ipite ukingo, kisha rudi ulipoanzia na uvute kwenda upande mwingine wa ubao kwa mwendo mmoja, kufuata nyuzi. Ukianzia ukingoni kabisa, kona itaikamua brashi na vanishi itateremka pembeni kama machozi. Hilo tone la pembeni ulilolionea dirishani lilizaliwa hivyo.

Mstari unaofuata uupande kidogo ule wa kwanza ungali mbichi. Ukimaliza mistari mitatu au minne, shika brashi ikiwa karibu wima, bila vanishi mpya, na uiburute kwa ncha tu ya nywele kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nywele zisizame, ziguse tu. Viputo hupasuka, mistari huungana. Fanya hivyo mara moja, halafu uondoke.

Kuondoka ndiko kugumu. Utaona unyoya, utaona kidoa kilichopitwa, na mkono utataka kurudi. Ndani ya dakika mbili tatu za kwanza inakubalika. Zaidi ya hapo vanishi imeshaanza kuvuta, na brashi itaacha mtaro usiojilaza tena. Unyoya mmoja huondolewa kesho kwa msasa wa 320 bila shida; mtaro hula mkono mzima.

Unene wa kila mkono uwe kiasi cha lita moja kutosha mita za mraba 10 hadi 12. Mikono mitatu myembamba hushinda mmoja mnene kwa kila hali: mnene hukauka juu ukabaki mbichi ndani, hujikunja, na ukiwa pembeni huteremka. Meza inayotumika kila siku ipate mitatu au minne juu ya ule wa kunywesha. Rafu inaridhika na miwili.

Kwa ubao mdogo, miguu ya viti na sehemu zilizosimama wima, brashi unaweza kuiacha. Changanya vanishi ya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, paka kwa kitambaa kilichokunjwa, tabaka jembamba sana lisiloweza kuteremka. Itabidi urudie mara nyingi zaidi, mara tatu hivi kwa kila mkono mmoja wa brashi, ila makosa yake ni madogo na yanasameheka.

Yakikufika

Vishimo vya duara, kama vanishi inakikimbia kitu: kuna silikoni au grisi, mara nyingi kutokana na polishi ya samani iliyowahi kupakwa juu ya mbao hiyo. Ikiwa ingali mbichi, ifute yote kwa tapentaini. Pangusa tena kwa vitambaa safi, funga kwa shelaki isiyo na nta, anza upya.

Tone lililoteremka: usilikate siku hiyo hiyo, ndani ni bichi na litararuka. Likikauka kabisa lipunguze kwa wembe uliowekwa karibu bapa, kisha 320.

Mabaka yamebaki baada ya mikono mitatu: ama hukukoroga, ama ubao ulikuwa bado unakunywa. Usipake kipande tu kilichofifia. Kiraka cha vanishi huonekana daima. Piga msasa uso mzima na upake ukingo hadi ukingo.

Kwa mbao za nje, vanishi ya wazi ni mapambano yasiyoisha. Miale ya jua hupenya vanishi na kuharibu uso wa mbao chini yake, kisha vanishi inapoteza pa kushikilia na kubanduka vipande vipande. Tumia ile ya nje yenye kinga ya miale, mikono mitano au zaidi, na uiongeze mkono mpya mara inapoanza kufifia, kabla haijapasuka. Ikishapasuka utakwangua yote.

Baada ya mkono wa mwisho

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa pipani. Mafuta yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichobanwa hulihifadhi hadi kuwaka chenyewe bila cheche yoyote. Vitandaze kimoja kimoja nje hadi vikakamae, au viloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvitupa.

Kama uso bado una vipele vidogo vya vumbi, ngoja wiki mbili tatu, kisha sugua kwa msasa wa 600 wenye maji na sabuni kidogo, ukifuata nyuzi, halafu 1000, na umalize kwa nta ya samani. Kwa ladha yangu uso uliosuguliwa hivi unazidi ule uliotoka kwenye brashi, kwa sababu mng'ao wake ni mmoja kila mahali. Kwenye vanishi iliyofifia tangu kopo usifanye hivyo, utang'arisha vidoa.

Ubao utaonekana mkavu baada ya siku moja, lakini vanishi ya mafuta huendelea kukomaa kwa takriban mwezi. Siku chache za kwanza usiweke kitu juu yake. Kwa wiki tatu au nne usitandike kitambaa wala mpira, usiache kikombe cha moto, na vyombo vizito viinue kuviondoa badala ya kuviburuta.